Kunyenyekea, kushukuru, kuridhika: mwongozo wa wiki nne kwa Mkristo

Wakristo wengi huanzia mwisho. Moyo usipotulia hujilazimisha kuridhika. Hujiambia "hiki kinanitosha", hufumba macho wasione cha jirani, na siku ya tatu wamerudi palepale. Kuridhika hakushikiki peke yake. Hutokana na shukrani, na shukrani haioti katika moyo unaoamini kwamba kila ulicho nacho ni malipo ya jasho lako tu. Ndiyo maana mwongozo huu hauruki hatua: unyenyekevu kwanza, shukrani baadaye, kuridhika mwisho. Yote matatu yamesimama juu ya swali moja ambalo Paulo aliwauliza Wakorintho: "Nawe una nini usichokipokea?" (1 Wakorintho 4:7).

Habari njema ni kwamba haya hufundishika. Paulo anasema "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo" (Wafilipi 4:11), na aliyaandika hayo akiwa kifungoni. Wanafalsafa wa Kistoiki wa zama zile walilitumia neno hilohilo la Kigiriki, lililotafsiriwa hapa "radhi", kumsifu mtu anayejitosheleza mwenyewe, asiyemhitaji yeyote. Paulo analigeuza: anatosheka kwa sababu yuko mwingine anayemtia nguvu. Mstari wa 13, "Nayaweza mambo yote", watu huubandika kwenye mitihani na kutafuta kazi, lakini mahali ulipo unazungumzia kushiba na kuona njaa.

Utahitaji Biblia, daftari lisilosomwa na mtu mwingine, na dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Muda mrefu zaidi ya huo haudumu kwa watu wengi. Baada ya siku tano mtu huanza kukwepa. Panga siku tatu za maandalizi, wiki mbili za unyenyekevu, wiki moja ya shukrani na wiki moja ya kuridhika. Unyenyekevu umepewa wiki mbili kwa sababu ndio unaochelewa kushika.

Siku tatu za maandalizi: andika manung'uniko

Usijaribu kubadilika kwanza. Kwa siku tatu andika kila nung'uniko, ulilolisema na ulilolimeza, kwa maneno yaleyale yaliyopita kichwani. Usiandike "nilikwazika kidogo kazini." Andika "kwa nini yeye ndiye ameitwa mbele na si mimi?" Kosa la kawaida hapa ni kusafisha lugha kana kwamba daftari litasomwa madhabahuni. Ukilisafisha, hutaona kilichomo. Badala ya majina ya watu weka herufi moja.

Jioni ya siku ya tatu rudia orodha na uweke alama pembeni ya kila nung'uniko. H ni heshima: sikutambuliwa, sikusalimiwa, sikushauriwa. L ni kujilinganisha: fulani anacho, mimi sina. U ni upungufu wa kweli, kama chakula, afya, kodi ya nyumba. D ni dhuluma: nimenyimwa haki yangu.

Tenganisha makundi haya kwa makini, maana mazoezi yanayofuata yanalenga H na L. U na D si dhambi ya kutoshukuru. Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo, na Mungu hakuwakemea waliovilia. Anayeyachanganya yote huishia kutubu kwa kuwa na njaa.

Angalia pia jinsi nung'uniko linavyoihariri kumbukumbu. Mwezi mmoja tu baada ya kutoka Misri, Waisraeli walikumbuka sufuria za nyama na kushiba chakula (Kutoka 16:3). Matofali na mijeledi haikutajwa. Pembeni ya nung'uniko lolote linalosema "zamani ilikuwa afadhali", andika jambo moja baya la hiyo zamani.

Wiki ya kwanza na ya pili: unyenyekevu

Warumi 12:3 inamtaka mtu asinie makuu kupita ilivyompasa. Haisemi ajione takataka. Kunyenyekea ni kujipima kwa kipimo sahihi; kujidunisha ni kipimo kibovu kinachosoma chini, kama kiburi kinavyosoma juu. Anayesema kila mara "mimi si kitu, mimi si lolote" bado habari yake ni yeye mwenyewe. Kipimo ni rahisi: mtu mwingine akikuambia maneno hayohayo, utakasirika? Ukikasirika, ulikuwa unaomba kupingwa. Paulo aliutaja unyenyekevu wa kujitungia, wenye sura ya hekima lakini usiofaa kitu (Wakolosai 2:23).

Kila asubuhi soma Zaburi ya 131 kwa sauti, mara mbili. Ina mistari mitatu tu. Mtoto anayetajwa pale ameachishwa ziwa: hamkalii mama kifuani kwa sababu ya maziwa, amekaa kwa sababu yuko na mama. Kisha taja kwa jina jambo moja linaloishinda nguvu yako siku hiyo na ulikabidhi kwa Mungu. Jambo moja linatosha. Ukitaja kumi, umerudi kuwa meneja wa ulimwengu.

Kila siku fanya kazi moja ya siri, isiyozidi dakika 15, ambayo hakuna atakayekushukuru: kuosha chombo kisicho chako, kupanga viti baada ya ibada, kuokota taka ya mwingine. Mathayo 6:3 inataka mkono wa kushoto usijue kinachofanywa na wa kuume. Zoezi hili huharibika kwa njia inayojulikana: wiki mbili baadaye mtu anausimulia utumishi wake wa siri kama ushuhuda. Ukigunduliwa, usidanganye kwamba si wewe. Sema "ndiyo, ni mimi", kisha kesho tafuta kazi nyingine.

Ukisifiwa, jibu kwa neno moja: "Asante." Kama kuna mtu aliyekusaidia kweli, mtaje, kisha nyamaza. Kukanusha sifa hulazimisha mtu akusifu mara ya pili. "Utukufu kwa Mungu" ni maneno mazuri yanapotoka moyoni. Yakiwa pambo la kumalizia, ni afadhali "asante" tupu.

Kukosolewa ndiko kunakouma, na ndiko kunakofundisha zaidi. Fuata mpangilio huu. Msikilize mpaka amalize bila kumkatiza. Rudia alichosema kwa maneno yako: "Unasema niliahidi, kisha sikufika." Omba mfano mmoja, si mitano, maana ukiomba mitano umeanza kesi. Mwambie utalifikiria na lini utamjibu. Usijibu kwa ujumbe wa simu usiku huohuo. Ujumbe wa saa nne usiku huandikwa na jeraha. Jioni, tafuta katika maneno yake sehemu iliyo kweli, hata ikiwa ni moja ya kumi. Ifanyie kazi hiyo, zilizobaki ziache.

Kuomba msamaha nako kuna ufundi wake. Taja kosa lenyewe, taja lilichomletea mwenzako, sema utakachorekebisha, omba msamaha, nyamaza. Maneno mawili hubomoa kila kitu: "lakini" na "kama". "Samahani kama nimekukwaza" humwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. Zakayo alitaja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemnyang'anya kwa hila (Luka 19:8). Usidai pia usamehewe papo hapo. Wewe umemaliza sehemu yako. Yake ina saa yake.

Jambo moja lisemwe waziwazi, kwa kuwa mafundisho ya unyenyekevu yametumiwa vibaya mno. Anayepigwa nyumbani, anayenyanyaswa kazini au anayetishwa na kiongozi wa dini hahitaji wiki mbili hizi. Anahitaji usalama na mtu wa kumwambia. Yesu aliyewaosha wanafunzi miguu (Yohana 13) ndiye aliyemuuliza askari aliyempiga kofi: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Alinyenyekea, na hakukubali kwamba kofi lilikuwa halali.

Wiki ya tatu: shukrani

Endelea na Zaburi 131, punguza mengine. Kabla ya kuanza soma Luka 18:9-14, na uangalie kitu ambacho wengi hukipita: sala ya Farisayo ni sala ya shukrani. Inaanza "Ee Mungu, nakushukuru." Hakuwa mtu asiyeshukuru, bali alishukuru kwa kumwangalia jirani: "mimi si kama watu wengine." Shukrani yenye mtu mwingine chini yake ni kiburi kilichovaa kanzu ya ibada. Sisi nasi huisema kila tunapomaliza kumtazama mgonjwa au fukara na kusema "kumbe mimi nina nafuu." Umaskini wa mwenzako si kipawa ulichopewa wewe.

Kila jioni andika mambo matatu, kwa masharti haya. Kila jambo liwe mahususi kiasi kwamba lisingeweza kuandikwa siku nyingine. "Asante kwa afya" halifai. "Leo nimepanda ngazi na goti halikuuma" linafaa. Kila jambo litaje njia ambayo Mungu aliipitisha: mkono wa nani, neno la nani, mvua ipi. Lisiwe na ulinganisho na mtu yeyote. Na lisirudiwe ndani ya siku saba. Sharti hilo la mwisho ndilo linalobana, na ndilo linalofanya kazi. Siku mbili za kwanza ni rahisi, ya tatu na ya nne hukauka, na kuanzia hapo macho hulazimika kutafuta mchana kutwa. Anayeacha siku ya nne ameacha mlangoni.

Ukikwama, fuata umbo la Zaburi 136. Ina mistari 26, na kila mmoja unaitikiwa "kwa maana fadhili zake ni za milele." Inaanza na uumbaji, inapita Misri, jangwa na wafalme walioshindwa, na karibu na mwisho inatua kwenye chakula cha kila kiumbe. Andika mistari sita ya maisha yako kwa umbo hilo, kutoka kuzaliwa hadi mlo wa leo, na uitikie mwenyewe.

Wiki hii omba pia baada ya kula, si kabla tu. Kumbukumbu la Torati 8:10 inaweka shukrani baada ya kushiba, na sababu inaonekana mistari michache mbele: mtu akishiba, akajenga nyumba nzuri, mifugo ikaongezeka, ndipo husema moyoni kwamba nguvu za mkono wake ndizo zilizompatia utajiri huo. Mwenye njaa hukumbuka kuomba bila kufundishwa. Usahaulifu hukaa kwenye sahani iliyokwisha kuliwa.

Mara moja katika wiki mshukuru mtu, kwa mdomo au kwa barua. Sentensi nne zinatosha: alichofanya, lini, kilikusaidia nini, asante. Usiongeze ombi mwishoni. Shukrani yenye ombi huonekana chambo. Wale wakoma kumi wa Luka 17 walipona wote, na hakuna shaka kwamba wote walifurahi. Aliyerudi ni mmoja, Msamaria, na kurudi kulimgharimu safari. Swali la Yesu, "Wale kenda wa wapi?", linawahusu watu waliofurahi bila kurudi.

Sasa lile gumu. Biblia yetu inasema "shukuruni kwa kila jambo" (1 Wathesalonike 5:18), na wafiwa wengi wameumizwa na mstari huo. Kigiriki chake kina maana ya "katika kila jambo". Hakuna anayetakiwa kuushukuru msiba. Anaombwa asikate mazungumzo na Mungu ndani ya msiba. Kwa siku za namna hiyo weka kando mambo matatu na ufuate Zaburi ya 13: kwanza lalamiko ("Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?"), kisha ombi, kisha tumaini. Usiruke kwenda kwenye tumaini. Likichelewa siku nyingi, baki kwenye lalamiko, nalo ni sala. Na usimfanyie mwenzako zoezi hili. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kumwambia mfiwa ashukuru ni kumwongezea mzigo wa pili.

Kwa dakika 10 za jioni, utaratibu wa kuchunguza dhamiri aliouacha Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika karne ya 16 haujapitwa: kumshukuru Mungu, kuomba mwanga wa kujiona, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, kukusudia kurekebisha kesho. Shukrani inatangulia dhambi. Wanaougeuza, wakaanza na makosa, hulala wamevunjika moyo na baada ya wiki huacha.

Wiki ya nne: kuridhika

Kuridhika na kubweteka hufanana kwa mbali. Aliyebweteka ameacha kutaka kwa uvivu au kwa kukata tamaa. Aliyeridhika anafanya kazi, anasoma, anapanda, lakini amani yake haingoji matokeo. Ukitaka kujua wewe ni yupi, jiulize: mpango huu ukifeli, nitahuzunika au nitavunjika?

Siku ya kwanza, chora safu tatu. Ya kwanza ni mahitaji, kwa kipimo cha 1 Timotheo 6:8: chakula na nguo. Ya pili ni vitu vinavyosaidia wajibu wako halisi, kama vifaa vya kazi, ada ya mtoto, nauli. Ya tatu ni vitu unavyovitaka ili uonekane. Weka kila unachokitamani mwezi huu katika safu moja. Ubishi utatokea kati ya ya pili na ya tatu, na moyo ni wakili hodari. Jiulize: ningekitaka kama hakuna mtu angejua ninacho? Jibu likichelewa kutoka, kiweke safu ya tatu.

Kwa vitu vya safu ya tatu weka muda wa kungoja: siku saba kwa kidogo, siku 30 kwa kikubwa. Andika tarehe. Usijikataze, maana katazo huchochea tamaa, ngoja tu. Vingi vitakufa vyenyewe kwenye karatasi. Kilichobaki hai baada ya siku 30 na kisichohitaji deni, kinunue bila kujitesa.

Ahabu alikuwa mfalme mwenye jumba, na aliugua kwa shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi, alilotaka kulifanya bustani ya mboga. Alilala kitandani, akageuza uso, akakataa kula (1 Wafalme 21:4). Nabothi aliuawa kwa sababu ya mboga. Dalili hizo tatu zitazame kwako: kujitenga, kununa, kukosa hamu ya ulichonacho. Zikitokea, tafuta Nabothi wako ni nani.

Mara nyingi utamkuta kwenye simu. Kwa wiki hii andika saa na mahali wivu unapokuchoma. Baada ya siku tatu utaona mkondo: akaunti zilezile, saa zilezile, kwa kawaida kabla ya kulala au katikati ya kazi inayochosha. Ondoa chanzo hicho kwa siku zilizobaki, na unapokumbuka mtu yule, mwombee baraka kwa jambo lilelile unalomwonea wivu. Mwanzoni utajisikia mnafiki. Endelea. Petro alipomwona mwanafunzi mwingine akauliza "Bwana, na huyu je?", jibu lilikuwa fupi: "imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi" (Yohana 21:22).

Katikati ya wiki toa kitu kimoja unachokipenda bado. Nguo iliyochakaa haihesabiki. Mana iliyowekwa akiba hadi asubuhi iliingia mabuu na kunuka (Kutoka 16:20), ila ile ya kuamkia Sabato, iliyowekwa kwa agizo. Akiba yenyewe haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kutoamini kwamba kesho nayo ina Mungu. Waebrania 13:5 inaweka msingi huohuo: muwe radhi na mlivyo navyo, kwa sababu yeye amesema "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Sababu inayotolewa ni yeye, wingi wa vitu haukutajwa.

Sala ya kila asubuhi wiki hii ni Mithali 30:8-9: usinipe umaskini wala utajiri, unilishe chakula kilicho kadiri yangu. Mwombaji anazijua hatari za pande zote mbili, kushiba na kumkana Mungu, au kuwa maskini na kuiba. Wengi wetu huogopa upande mmoja tu.

Mipaka ya kuridhika nayo ijulikane. Yohana Mbatizaji alisema "mtoshewe na mshahara wenu" kwa askari, watu wenye silaha waliozoea kudhulumu (Luka 3:14). Kwa matajiri waliozuia ujira wa wavunaji, Yakobo anasema ujira huo unapiga kelele (Yakobo 5:4). Mwajiri anayemhubiria kibarua asiyelipwa habari za kuridhika ameishika Biblia kichwa chini. Mtumwa aliyeweza kupata uhuru aliambiwa autumie (1 Wakorintho 7:21). Na barua ileile inayosema utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa inamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Ugonjwa hutibiwa. Huzuni inayoendelea kwa wiki mbili au zaidi, usingizi ukipotea, chakula kikikosa ladha, ipelekwe kwa daktari pamoja na mchungaji, wala isiitwe ukosefu wa shukrani. Mawazo ya kutaka kufa yakiingia, usingoje hizo wiki mbili. Mwambie mtu leo.

Ukianguka katikati

Utaruka siku. Usilipe deni kwa kuandika mambo sita badala ya matatu. Anza na ya leo. Ukiruka siku tano mfululizo, rudi mwanzo wa wiki uliyokuwemo, si mwanzo wa mwongozo. Wanaofanya kwa vikundi wasomeane daftari kwa hiari tu. Kikundi kikianza kuulizana nani ameshukuru mangapi, Farisayo amepata kiti.

Siku ya mwisho fungua orodha ya manung'uniko ya siku zile tatu. Isome yote kwa sauti ukiwa peke yako. Ya H na L yaliyokwisha uzito yapige mstari. Yasiyokwisha yaandike ukurasa mpya, yatakuwa kazi ya wiki mbili za unyenyekevu utakapozirudia. Ya U yapeleke kwa Mungu na kwa mtu mmoja anayeweza kusaidia, kwa jina na kwa kiasi kinachohitajika. Ya D weka tarehe pembeni, na jina la utakayemwendea.